Karatasi ya Uhai ya Mzee Hallam

Spés alikuwa na faili la plastiki la buluu, lenye kifungo cha kubana, na halikumtoka mkononi. Kazini alikwenda nalo, kanisani alikuja nalo, na kwenye mazoezi ya kwaya lilikaa chini ya kiti chake. Ndani mlikuwa na kila karatasi ambayo ofisi yoyote iliwahi kumpa tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila kule Kasulu: kadi za chanjo, hati za safari, barua za shule, mikataba ya nyumba tatu za hapa Columbus, Marekani. Tulimtania kwamba nyumba ikiwaka moto ataokoa faili kwanza na watoto baadaye. Hakucheka. Alisema watoto wana miguu.

Mimi naitwa Caritas, wengi huniita Mama Donati. Tuliimba sauti moja, alto, na tulifanya kazi kampuni moja ya kuhudumia wazee majumbani. Nasema mapema kwamba katika habari hii mimi ndiye niliyetoa ushauri mbaya, ili ukifika pale usidhani nilitaka kujificha.

Mzee aliyepangiwa Spés aliitwa Norman Hallam, Mwingereza wa miaka themanini na mitatu, mgane. Alikaa mtaa wa Clintonville kwenye nyumba ya matofali yenye ngazi saba mbele. Kwao alitengeneza injini za mabasi kwa miaka zaidi ya ishirini, akaoa Mmarekani, akahamia Columbus, akafanya kazi nyingine mpaka akastaafu. Kwa hiyo alikuwa na pensheni mbili. Ya hapa ililipa gesi, umeme na kodi ya nyumba. Ya kwao iliingia kila baada ya wiki nne, na hiyo ndiyo iliyonunua chakula na kumlipa Spés. Kila asubuhi, kabla hajauliza kama kuna theluji, mzee aliangalia paundi imeamkaje. Ikiwa juu, walinunua jamu ya machungwa iliyotoka Uingereza. Ikiwa chini, walinunua ya hapa, ya bei ndogo, naye aliila huku akiitukana serikali ya kwao kwa maneno ya adabu.

"Pesa yangu inazaliwa nchi moja na kutumika nchi nyingine," alimwambia Spés. "Njiani kila mtu anaionja."

Waligombana juu ya chai tu. Mzee alitaka maziwa ya baridi yamiminwe juu ya chai iliyokwisha kuiva. Spés aliona huko ni kuharibu chai na maziwa kwa pamoja, kwa sababu chai ya maziwa huchemshwa. Miaka mitatu walibishana, wakaishia kila mtu na birika lake.

Mzee alikuwa na binti mmoja, Alison, aliyekaa karibu na Buffalo, upande wa Lackawanna, mwendo wa saa tano kwa gari. Alison hakuwa mtu mbaya. Aliogopa simu ya asubuhi, ile ya kuambiwa baba ameanguka. Kila alipokuja alizitazama zile ngazi saba, na alikuwa ameshamtafutia baba yake chumba katika nyumba ya wazee kule kwao. Mzee alikataa. Alisema Buffalo atakwenda siku akili ikimtoka, si kabla.

Mwezi wa nane ngazi zikamwangusha kweli, akavunjika nyonga. Alilazwa, na Spés alimpelekea barua zake hospitalini. Siku moja ilikuja bahasha ndefu kutoka Uingereza. Mzee aliifungua bila miwani, dawa za maumivu zikimzungusha kichwa, mkono mmoja ukiwa na kipande cha tosti. Akaitazama kidogo, akamrudishia Spés.

"Hii ni ya pensheni. Iweke mahali salama sana."

Spés aliisoma ukurasa wa kwanza akiwa kwenye basi. Ofisi ya pensheni ilitaka kuthibitisha kwamba mzee bado yu hai. Chini yake kulikuwa na nafasi tupu: jina, tarehe, sahihi, sahihi ya shahidi.

Kosa liko hapo, na ili ulielewe inabidi uwe umewahi kuhesabiwa. Sisi kambini tulikuwa na uhakiki. Gari la kipaza sauti linapita wiki nzima likitangaza siku. Siku ikifika, mnajipanga foleni ninyi na kadi yenu ya mgao, na ofisa anaangalia nyuso kisha anaandika. Kalamu ni yake. Ukithubutu kuandika chochote kwenye kadi mwenyewe, wewe ni mghushi, na familia yote inafutwa. Kazi yako ni kuitunza ikae kavu, safi, bila mkunjo, na ukiitwa uje nayo pamoja na mwili wako. Mama yake Spés alipata homa siku ya uhakiki, watoto wakaenda peke yao, na ofisa akaandika kwamba hayupo. Kwa miezi saba mama yule aliishi Mtabila akiwa hayupo, akila kutoka kwenye sahani za watoto wake. Alifia kambini kabla ya ndege za kutuleta Amerika. Kadi yake iko kwenye faili la buluu.

Basi Spés aliifanyia ile fomu kile ambacho yeyote kati yetu angekifanya. Aliitia kwenye mfuko wake wa nailoni, akaiweka nyuma ya kadi ya mama yake, akangoja mzee aitwe. Alikuwa ameshachagua hata nguo atakazomvalisha siku hiyo, suti ya kijivu. Ukurasa wa pili, wenye tarehe ya mwisho ya kurudisha, hakuugeuza.

Hakuna gari lililopita likitangaza. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata pesa za Uingereza hazikuingia. Mzee akapiga simu, akasikilizishwa muziki kwa muda mrefu, halafu akaambiwa kwamba fomu ilitumwa tangu mwezi wa nane, haikurudi, na malipo yamesimamishwa. Watamtumia nyingine. Akiijaza na kuirudisha, atalipwa yote yaliyosimama. Kwa upande wa pesa, mambo yangetengenea. Ila mzee aliuliza, "Fomu gani?" na aliuliza kwa dhati.

Binti yake alipata habari kwa simu, na siku ya pili Alison alifika na maboksi. Spés alikuwa jikoni akawasikia sebuleni. Alison alikuwa akisema: barua yenye jina la baba imepita mikononi mwake na hakumbuki hata kuiona. Kesho atasahau jiko likiwaka. Chumba cha Buffalo kinatakiwa kuthibitishwa Jumatatu. Faili la buluu lilikuwa juu ya kiti, hatua mbili kutoka alipo. Spés aliosha kikombe kimoja mara tatu, faili hakuligusa.

Alison alipokwenda dukani, mzee aliingia jikoni na gazeti, akaanza kuvifunga vikombe vya marehemu mkewe.

"Labda yuko sahihi," alisema. "Najaribu kukumbuka. Nafika mahali pale na hakuna kitu."

Spés alikuwa amemwogesha, amemkata kucha, amemwona akiwa na maumivu ya nyonga, lakini hajawahi kumwona akiogopa.

Jumamosi mchana, baada ya mazoezi ya kwaya, alinivuta kwenye maegesho ya kanisa na kunionyesha ile fomu. Nyeupe, haina hata alama ya kidole. Nilimwambia aichane.

"Mama Donati, hebu sikiliza kwanza," alisema.

"Nimesikia. Una watoto watatu na nyumba ya kupanga. Yule mzee ana miaka themanini na mitatu, asipokwenda Buffalo mwaka huu atakwenda mwakani. Wewe ukifukuzwa, nani atakulipia nyumba?"

"Anadhani akili imemtoka."

"Akili itamtoka tu."

"Lakini haijamtoka," alisema Spés. "Mimi ndiye shahidi. Nikinyamaza, nimemwandika hayupo."

Akalifunga faili. Nilimwona mjinga, na nilirudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia, kwa sababu nilijua mimi nisingeweza.

Jumatatu asubuhi aliwakuta wote wawili mezani, maboksi yamepangwa ukutani. Hakukaa. Aliiweka fomu mbele ya mzee akasema, "Hakuipoteza yeye. Alinipa mimi." Kisha akaeleza habari ya uhakiki, kalamu ya ofisa, na suti ya kijivu. Kiingereza chake kilimkimbia katikati, akamalizia kwa mikono.

"Miezi mitano," alisema Alison, "umetembea na uhai wa baba yangu kwenye mkoba?"

"Ndiyo, mama."

Mzee Hallam hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameishika fomu anaigeuza. "Nilikupa wapi?"

"Hospitali. Kitanda cha dirishani."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Ulikuwa unakula tosti."

Mzee alifumba macho. "Imeungua," alisema. "Upande mmoja. Na yule muuguzi mrefu akasema hakuna nyingine." Akafumbua macho akamtazama binti yake. "Alison, imeungua upande mmoja! Nakumbuka!"

Akainuka na fimbo yake, akaenda kwenye boksi la kwanza, akaanza kutoa vikombe kwenye magazeti. Spés alitaka kumsaidia. Mzee akamzuia, akavipanga mwenyewe kabatini, kimoja kimoja, akilia waziwazi.

Kwa hiyo mzee alibaki Clintonville. Fomu mpya ilijazwa na jirani akaitilia sahihi ya ushahidi, pesa zikarudi. Alison aliweka vyuma vya kushikia kwenye zile ngazi. Na siku ile ile ya Jumatatu, kabla hajalala, aliandikia kampuni yetu. Siwezi kumlaumu. Mtu aliyeshika barua ya baba yako miezi mitano, ungemwacha naye nyumbani? Mzee alipinga, lakini karatasi za kampuni zilikuwa kwa jina la binti.

Mratibu wetu, Zihindula, Mkongo wa Bukavu, ndiye aliyempigia Spés.

"Bon, Mama Ingabire, nilipata email ya ule mama wa Buffalo. Donc, kule usirudie tena. Pardon, si mimi nilikata shauri."

"Naweza kwenda kumuaga?"

"Walisema hapana."

Kampuni haikumpa mzee mwingine. Ilimwambia angoje, akangoja wiki sita, halafu kaka yake Ferdinandi akamwita aje mji wa Louisville. Ferdinandi alikuwa kwenye ghala moja la Jeffersontown, akamwingiza idara ya kufunga mizigo. Spés alihama na watoto na faili. Ingabire, binti yake mkubwa, alilia njia nzima kwa sababu ya shule, akasema, "Mom, you could've just said nothing," na Spés akamjibu kwamba ni kweli, angeweza kunyamaza. Kazi ya ghala ni ya kusimama, na magoti yake yalianza kuvimba. Tulipoongea kwa simu sikuthubutu kumkumbusha nilichomwambia kwenye maegesho. Moyoni lakini nilijihesabia haki, hilo nalikiri.

Ikapita miaka miwili. Mwezi uliopita Spés alinipigia Jumapili mchana. Alikuwa amepata bahasha kutoka Clintonville. Mwandiko ulikuwa umelala upande, wa mtu anayeandika pole pole. Ndani hamkuwa na pesa, maana hilo ndilo nililouliza kwanza, nisamehe. Mlikuwa na nakala ya fomu ya pensheni, mpya, iliyojazwa yote: jina, tarehe, sahihi ya mzee, sahihi ya shahidi. Na kikaratasi kidogo.

"Nisomee," nilisema.

Akanisomea, akikigeuza kwa Kiswahili: "Spés, safari hii nimeijaza mwenyewe siku ile ile ilipofika. Ya kwao nimeituma. Hii ni ya kwako. Iweke mahali salama sana."

"Umeiweka wapi?"

"Pale pale. Nyuma ya kadi ya mama."

Nilimwuliza ya nini, kwa sababu haina kazi. Ni nakala tu, hakuna ofisi itakayoitaka.

"Ya kwamba yupo," alisema.

Niliona aibu, na kwa kuwa sijui kusema naona aibu, nilimwuliza magoti yanaendeleaje.