Ukurasa Usio na Picha

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilivyosimama mlangoni na begi begani, miguu ikitaka kuondoka na kichwa hakijui kinaelekea wapi. Nilikuwa na umri kama wako huo. Nilikuwa najifunza kompyuta kwenye kituo cha parokia moja huku Ushirombo, chumba kimoja chenye mashine kuukuu tulizopewa na wafadhili. Mwalimu wetu alikuwa Sista Konsolata, mtawa wa Kisumbwa, mwembamba, mtu asiyepandisha sauti hata mambo yaharibike vipi. Intaneti tuliipata kwa modemu ndogo ya kuchomeka, na siku za mvua ilikuwa inakuja na kukata, inakuja na kukata.

Mdogo wangu Masanja alikuwa ameacha shamba la tumbaku la baba kule Ushetu akakimbilia rashi. Dhahabu ikizuka porini, watu wanamiminika kutoka kila kona, wanachimba mashimo wanayoyaita maduara, wanalala kwenye maturubai. Hiyo ndiyo rashi. Alikuwa kijana asiyetulia. Hata chakula alikula amesimama. Wewe ukikaa na hiyo simu yako, unafungua hiki, unaacha, unafungua kile, namwona yeye kabisa.

Asubuhi hiyo, nikiwa pale kituoni, mama alinipigia simu, sauti imekwisha kwa kulia. Kijana wa jirani yetu, Shija, aliyekuwa kambi moja na Masanja, alikuwa amempigia.

"Duara limetitia," mama akasema. "Shija anasema hakuna aliyetoka. Baba yako mkubwa ameshaondoka na wenzake kwenda kumchukua mdogo wako."

Kumchukua. Nilielewa alichokusudia: kuchukua maiti. Nilichukua begi, nikatoka kutafuta bodaboda ya kunipeleka porini kwenye hiyo rashi, na barabara ya kule ilikuwa imeliwa na maji. Mlangoni nikakutana na Sista anaingia na mwavuli wake. Sikumpa hata salamu ya Tumsifu Yesu Kristo.

"Kabula, unakwenda wapi?"

Nikamwambia. Akafunga mwavuli taratibu, na ule utaratibu wake ulinichoma kama moto.

"Nani amemwona ndani ya hilo duara?"

"Shija."

"Shija amemwona, au Shija amekimbia?"

Akaniambia niketi dakika chache tu, tutazame kwanza redio ya kanda inasema nini, kwa sababu redio ile ilikuwa na tovuti na iliandika habari za machimboni upesi. Niliketi nusu kiti. Tukafungua tovuti kwa njia ya kawaida, ile mliyoizoea ninyi, yenye picha. Likatokea tangazo la bia nusu, chupa bila kizibo. Chini yake peupe. Kile kiduara cha kusubiri kinazunguka, kinazunguka. Mvua inapiga bati. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena. Nilitamani kuing'oa modemu na kuitupa nje.

Sista akafunga kila kitu. Akafungua kioo cheusi, pale tunapoandika amri kwa mkono. Alikuwa ametufundisha wiki iliyopita, nasi tulimcheka kidogo, tukaona ni mambo ya kizamani. Akanisogezea kibodi.

"Andika wewe."

"Sista, mimi siwezi sasa hivi."

"Ndiyo maana nataka uandike wewe."

Nikaandika lynx, nikaacha nafasi, nikaandika anwani ya redio. Nikakosea. Nikafuta, nikaandika tena herufi moja moja. Lynx ni kivinjari cha maandishi, mwanangu. Hakiombi picha, hakiombi matangazo, hakiombi video. Kinaomba maneno matupu, na maneno ni mepesi, yanapita hata pale mtandao ulipobaki uzi. Hakuna kugusa kioo wala kusogeza kipanya. Unashuka kwa mshale wa chini kutoka kiungo hadi kiungo, ukitaka kufungua unabonyeza mshale wa kulia, ukitaka kurudi unabonyeza wa kushoto.

Maneno yakaja. Yalikuja papo hapo, kioo kizima. Nikashuka kwa mshale mpaka nikakiona kichwa cha habari: Wachimbaji wafukiwa na kifusi. Nikabonyeza. Mistari ya kwanza ilisema duara limetitia alfajiri, watu kadhaa wamepoteza maisha. Nikasukuma kiti.

"Sasa naenda, Sista. Umeona mwenyewe."

Akanishika mkono, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea kwa ukali. "Umesoma kichwa na mistari miwili. Mdogo wako ni wa mistari miwili? Keti. Soma mpaka chini."

Nikabonyeza kitufe cha nafasi, ukurasa ukashuka. Kiongozi fulani anatoa pole. Nikabonyeza tena. Waokoaji waliingilia shimo la jirani, wakawatoa baadhi wakiwa hai. Nikabonyeza. Majeruhi wamepelekwa hospitali mjini Geita. Na mwisho kabisa, pale ambapo mtu mwenye haraka hafiki: kijana mmoja hajaweza kuzungumza na hajatambuliwa, ana kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto, ndugu wanaombwa wafike, damu inahitajika.

Kovu lile nililijua. Uji ulimmwagikia akiwa anatambaa, na mimi ndiye niliyembeba kumpeleka zahanati.

Sista alinisindikiza mpaka stendi. Nilipanda basi la Geita, njia nzima nikikaa kama nimekalia miiba. Nilimkuta wodini, uso umevimba, mguu umesagika, anapumua. Muuguzi akaniuliza, "Wewe ni nani yake?" Nikasema, "Dada yake, tumbo moja." Walinipima, wakanitoa damu, na jioni wakamwingiza chumba cha upasuaji. Baba mkubwa wakati huo alikuwa amekwama porini kwenye matope, akiulizia maiti ambayo haikuwepo.

Masanja alipozinduka, nikiwa sasa na uhakika, nilimpigia mama. Nyumbani waombolezaji walikuwa wameshajaa uwanjani.

"Mama, yuko hai."

"Usinifariji, Kabula."

"Niko naye hapa."

"Basi mpe simu. Aongee mwenyewe."

Nikamwekea simu sikioni. Nikasikia upande wa pili watu wanashushana sauti. Kisha Masanja akasema neno moja, lile tulilomwitia mama nyumbani tangu utotoni: "Mayu." Simu ya mama ilianguka, nikasikia vigelegele.

Masanja anachechemea mpaka leo. Anauza samaki Chato, ana watoto, na bado hatulii.

Sasa nisikilize, mwanangu. Siku hizi habari zinakufikia kabla hazijaiva, na moyo wako unazikimbilia zote. Jifunze njia nyepesi ya kufikia unachokitaka, ile isiyo na pambo, uijue kwa vidole vyako kabla siku ya shida haijafika. Omba neno unalolihitaji, uyaache mengine. Moyo ukianza kukimbia, ipe mikono kazi ndogo uifanye vizuri. Na usiondoke kwenye jambo lolote, liwe la msiba au la harusi, kabla hujalisoma hadi mstari wa mwisho.

Mungu akupe macho ya kufika mwisho, akuwekee mtu wa kukushika mkono pale mlangoni, na wale unaowatafuta uwakute wanapumua.