Finjani za Wageni wa Besiboli

Juzi, kwenye ofisi moja ya Ruwi, hapa Maskati, nilimwona Mzungu akitikisa finjani yake tupu, na mwenye dele la kahawa akampita bila kummiminia tena. Papo hapo nikasikia harufu ya hiliki, na ya ngozi ya mpira mmoja mdogo mweupe.

Mpira ule ulikaa nyumbani kwetu alasiri moja tu, nilipokuwa mtoto. Ami Nassor, mjumbe wa baraza la mji, alitaka Maskati iwe na timu ya besiboli ya wachezaji wa kulipwa, mchezo ambao hata yeye aliuona kwenye televisheni tu. Wageni wawili wa Kizungu, wenye timu aliyoiomba ihamie kwetu, walikuja kumpa jibu. Mimi wakanipa mpira niushike. Niliuzungusha, nikapapasa mishono yake myekundu, nikajiuliza nani kaushona.

Ami aliwamiminia kahawa mwenyewe. Wakanywa. Akamimina tena, wakanywa tena, jasho linawatoka.

"Bibi, wameipenda kahawa yetu!" nilinong'ona. "Watakuja kucheza!"

"Nyamaza, mwanangu," bibi alisema. "Mwache ami yako amimine."

Maghribi wakaondoka na mpira wao. Timu haikuja.

Leo najua kwamba wageni wale hawakujua kutikisa finjani kuonyesha wametosheka. Ami angeweza kuwaambia kwa neno moja. Lakini kila mmoja wao alipofungua mdomo kuomba radhi kwamba timu haitakuja, ami alikuwa ameshaijaza finjani yake.