Kichwa cha Samaki

Miaka mitatu Bibi Nurlis hakumsamehe yule binti kichwa cha samaki. Pale mjini kwao Pariaman kichwa ni cha mkubwa wa nyumba, nani hajui? Lakini binti, aliyechukuliwa na mwana wa Bibi kulelewa akiwa kashatimiza miaka tisa, mchuzi wa nazi ukitua tu mkekani vidole vyake vyembamba vishafika. Anakula kainama, anafyonza mifupa bila sauti, anaipanga ukingoni mwa sahani kama meno. Minofu hagusi mpaka aambiwe. "Mlinitafutia mjukuu, mkaniletea paka," Bibi humsema, na binti hutabasamu tu.

Ijumaa moja, wakila, akaja kuwajulia hali mama ambaye binti aliishi kwake zamani. Akachungulia ile sahani, akacheka. "Bado vichwa? Kwangu minofu walikula wanangu wa kuzaa, huyu tulimwachia hivyo."

Bibi akamwekea binti tumbo zima la samaki lenye mafuta, akakivuta kichwa kwake.

"Bibi," binti akanong'ona, "lakini kichwa ndicho kitamu."

"Unanifundisha? Unadhani nimenuna miaka mitatu kwa nini?" Akakipasua katikati, na shavu lenye nyama akamsogezea yeye.