Kiti cha Mama Chini ya Bango

Sisi tuliokulia mtaa wa Hillbrow, Sauzi, tulijifunza kusoma kwenye nguzo za taa. Alfajiri jamaa wa magazeti alikuwa ameshapita na kufunga mabango, kila bango na mstari mmoja wa herufi nyeusi kubwa kama masufuria. Gazeti lenyewe hakuna aliyelinunua. La nini, wakati habari umeipata bure ukisubiri robot, yaani taa ya barabarani, iwake kijani uvuke? Watoto wa siku hizi wanadhani wao ndio walioanza kusoma kichwa cha habari na kuacha habari. Wakae chini, tumeanza sisi.

Mama yangu alitoka Morogoro. Baba, Msauzi, alimuoa huko ukimbizini, akarudi naye kwao. Kiingereza kilimpiga chenga mama maisha yake yote, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa redio yake. "Haya, leo nguzo imesemaje?" aliniuliza kabla hata sijavua viatu. Siku moja ilisema HAKUNA MAJI KESHO. Mama akajaza bafu, ndoo, sufuria, hadi chupa za soda. Kesho yake maji yakatoka vizuri kabisa. Lakini aliyefunga bango hakuwa na kazi ya kulifungua, na asubuhi iliyofuata bado lilisema kesho. Ghorofa zima likajaza tena. Wiki nzima tulioga kwa kikombe huku bafu limejaa pomoni na ni marufuku kuligusa. Mara nyingine likasema kuku wana ugonjwa, na mama akamtupa kuku wa Krismasi aliyekwisha kuungwa nazi. Bado naisikia ile harufu ikishuka ngazi kuelekea jalalani. Hilo sijawasamehe.

Hayo angalau tunayacheka. La samaki linanipandisha hasira mpaka leo.

Chini ya ghorofa letu, kwenye kona ya robot, Mama Furaha aliuza samaki wa kukaanga. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mjane, na beseni lile ndilo lililolisha watoto wake. Tukitoka shule alitukatia mkia mkavu wenye pilipili, tukautafuna mpaka miiba. Asubuhi moja nguzo iliyokuwa juu ya beseni lake ikafungwa bango: SAMAKI WA HILLBROW WAUA? Alama ya kuuliza ilikuwa ndogo, imejibanza pembeni.

Kutwa nzima hakuna aliyenunua. Wateja wake wa miaka walipita upande wa pili wa barabara. Jioni wakaja vijana kumwambia afungashe arudi kwao, na mmoja akalipiga beseni teke. Mama Furaha akasimama katikati ya samaki waliotapakaa, akapiga kelele: "Miye nauzishaka samaki hapa tangu zamani! Nani alikufa? Munionyeshe kaburi yake!" Hakuna aliyekuwa na kaburi la kumwonyesha. Walikuwa na bango.

Baba alipandwa na hasira, akafanya jambo lisilowahi kufanyika ghorofani kwetu: alinunua gazeti. Akatusomea mezani, akitafsiri kwa Kiswahili. Ndani kabisa, chini ya matangazo ya magari, palikuwa na aya fupi. Bwana mmoja alikula samaki harusini, mtaa mwingine kabisa, tumbo likamsokota, daktari akampa dawa, akarudi nyumbani. Hillbrow ndiko alikokuwa anaishi. Basi! Hakufa mtu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi yake, Jumamosi, alibeba kiti cha jikoni, akashuka nacho ngazi zote maana lifti ilikufa siku nyingi, akakiweka chini ya nguzo, chini ya bango lenyewe. Akakaza kanga yake. "Dada, nipe samaki mkubwa." Akala. Akaomba mwingine. Watu wakajaa. Dereva mmoja wa teksi akasema, "Eish, mama, utakufa!" Kwa Kizulu chake cha kuokoteza, mama akamwambia asubiri aone, yeye hana haraka. Wakasubiri kweli. Wengine nadhani walitamani aanguke. Alasiri dereva yule yule akatia mkono mfukoni, akanunua samaki wawili, na foleni ikaanza. Mama hakutaka kuona samaki kwa mwezi mzima.

Gazeti halikuomba radhi. Bango lilining'inia pale mpaka mvua ilipolichana.

Juzi mwanangu, kijana anayeelewa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, alinitumia mstari mmoja kwenye simu: wageni wanauza chakula chenye sumu kwenye spaza, vile viduka vya mtaani. Nikamuuliza kama ameisoma habari yenyewe. Akashangaa, habari gani tena? Ameshautuma mstari ule kwenye kundi la ghorofa, la kanisa na la mpira. Wageni, anasema, na jina lake amepewa na bibi yake wa Morogoro! Damu ilinichemka.

Jioni Mama Furaha akanipigia. Siku hizi ni mzee, ana kijiduka mtaa ule ule, na alikuwa amekifunga tangu mchana. "Mutoto yangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "ile bango imerudia."

Nikanyanyua kiti cha jikoni, nikafika nacho mlangoni. Uongo wa enzi zetu ulikuwa na nguzo yake, na mama alijua pa kukaa. Huu wa sasa umo mifukoni mwa mji mzima, nami nimesimama na kiti mkononi, sijui nikakiweke wapi.