Kabichi Katika Shimo la Ndizi

Likizo hii nimerudi kijijini kwetu Muyama, na kazi ya kwanza niliyopewa ni kufukia shimo. Baba mdogo alinikabidhi jembe hata chai haijapoa, akanionyesha nyuma ya jiko. "Pale bibi yako alipokuwa anaivishia ndizi. Nataka kuweka chumba." Akaenda zake. Nikabaki mimi na shimo, tukitazamana.

Najua unachotaka kusema. Niko kidato cha tatu, bado nachapwa kwa kuchelewa mstarini, halafu naanza habari za "enzi zetu". Kifaranga anasimulia vita vya mwewe. Sawa. Lakini kaa hapo kwenye kinu kilichopinduliwa nikueleze habari ya shimo hili, na ya Wakorea.

Ndiyo, Wakorea.

Nilikuwa darasa la tano. Ni mwaka ule malori ya misaada yalipopita kila siku kwenda kambini, vumbi lake likitua mpaka kwenye uji. Lori moja lilishusha katoni shuleni kwetu, sijui kwa makosa au kwa huruma. Sisi tulitegemea biskuti. Mwalimu wetu wa darasa alipokata kamba tulimsonga mpaka tukamkanyaga, na ndani mkawa na vitabu vitatu vya Kiingereza na mchwa. Vyote vitatu vilihusu Wakorea. Kimoja kilikuwa cha mila zao: nguo zenye mikono mipana kama mabawa, watu wakivua viatu mlangoni, watoto wakiwainamia wazee mpaka paji la uso linagusa sakafu. Cha pili kilikuwa cha mapishi. Cha tatu ndicho kilichotumaliza. Kilikuwa hadithi ya bibi mmoja aliyevuka bahari na mwanawe na mjukuu wake kwenda Amerika, wakafungua duka la mboga kwenye mji wa baridi ambako hakuna jirani aliyeweza kutamka majina yao.

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, mwalimu alisoma ukurasa kimoyomoyo, akafumba macho, akautoa kwa Kiswahili. Alipokwama alisema, "Hapa pana mambo ya kwao," akaruka. Maswali yetu yalimpa jasho. Wanakula ugali? Watani wao ni akina nani? Huyo bibi, shambani kwao kabaki nani? Na Korea yenyewe iko wapi? Ramani ya shule ilikuwa imechanika kuanzia India kwenda kulia, kwa hiyo mwalimu alipima kwa macho, akaweka kidole ukutani kwenye chokaa, akasema, "Hapa." Mpaka namaliza la saba, Korea kwangu ilikuwa doa la unyevu karibu na dirisha.

Sasa, kwenye hicho kitabu cha hadithi kulikuwa na picha. Bibi amechuchumaa nyuma ya nyumba, kitambaa kichwani, anafukia mtungi ardhini. Ndani ya mtungi kuna kabichi iliyopakwa chumvi, pilipili na kitunguu saumu. Wanaiita kimchi. Inakaa humo chini ikichachuka polepole, kisha inaliwa na wali. Majirani wa kule Amerika walichungulia uani wakadhani anazika kitu kibaya, nusura wamwitie polisi.

Mwenzangu wa dawati alikuwa binti wa mwenye duka, watu wa Ujiji wenye ndugu pwani. Tulipompelekea baba yake habari hii, hakushangaa hata kidogo. "Hiyo achari tu, wanangu. Sisi tunaianika juani, wao wanaizika. Mungu kagawa akili." Akaendelea kupima sukari.

Mimi lakini nilikuwa nimewashwa. Kwa sababu bibi yangu naye alikuwa anazika chakula. Shimo hilihili. Alilitandika majani makavu ya migomba, akayachoma kidogo lipate joto, akapanga ndizi mbichi, akafunika kwa majani na udongo. Siku ya tano ndizi zinatoka njano, laini, zinanukia mpaka nyuki wanakuja kusalimia. Zinakamuliwa kwa nyasi, zinatiwa mtama wa kukaanga, ndiyo inapatikana urwagwa, pombe ya ndizi ambayo bila hiyo hakuna jambo la maana lililofanyika Muyama. Na sheria ya shimo ni moja tu: likifunikwa halifunuliwi. Joto likitoka, ndizi zinagoma.

Sheria naijua leo. Wakati ule niliona shimo tu, na nikaona kitabu kimesema kweli.

Kosa langu ni kwamba sikuuliza ndizi zile zilikuwa za nini. Zilikuwa za shangazi. Mchumba wake wa Kumsenga, kule Kibondo, alikuwa amepeleka mshenga mara mbili, na sasa wazee wake wangekuja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kwenye posa, wageni hunywa pombe ya mwenyeji. Bibi alikuwa na msemo wake: "Nyumba isiyo na pombe haina binti." Na shangazi alikuwa ameshasubiri sana. Wenzake wote walikuwa na watoto wa shule. Kisimani wanawake walikuwa wanamuuliza kama anasomea utawa.

Ndizi zilifunikwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi bibi na shangazi wakaenda gulioni, na mimi na mwenzangu wa dawati tukaingia kazini. Yeye alileta pilipili ya unga kutoka dukani kwao, kiasi cha kumtoa mtu mapepo. Mimi nikatoa kabichi, chumvi na chungu cha bibi cha maharage. Tukafukua upande mmoja wa shimo, tukakaza chungu katikati ya ndizi, tukafukia, tukapiga piga udongo kwa viganja. Tukavua ndala tukaliinamia shimo mpaka paji la uso likashika vumbi. Mila ni mila.

Jumatano bibi alifukua. Mimi nilikuwa nimepanda mpera, nikizuga kwamba natafuta mapera. Upande mmoja zilitoka njano. Upande wa pili zilitoka kijani, ngumu kama mipini ya jembe. Kisha mkono wa bibi ukagonga chungu. Akakifunua, harufu ikampiga, akarudi nyuma hatua mbili.

"Yoo! Ni nani huyu kaniroga?"

Shangazi aliangalia ndizi, akaangalia chungu, akaangalia juu ya mpera. Alichukua mwiko.

"Shuka!"

"Shangazi, ni ya Wakorea—"

"Shuka nikuonyeshe Wakorea!"

Nilichezea mwiko mmoja wa mgongo, kisha mwiko ukaanguka na shangazi akakaa chini palepale kwenye majani ya migomba, akalia bila sauti. Kilio hicho ndicho kilichoniuma. Kicheko chote kilinitoka. Ndizi zilizoiva zingetoa kibuyu kimoja, labda kimoja na nusu, na wageni walikuwa kumi na wawili.

Bibi akaniuliza taratibu, "Mwana wanje, mwanangu, nani alikufundisha kuzika kabichi?"

"Kitabu, bibi."

"Kilete."

Nilikimbia mpaka nyumbani kwa mwalimu nikakiomba. Bibi hakujua kusoma. Alikishika kwa mikono yenye utomvu wa ndizi, akaitazama picha ya yule bibi mwenzake kwa muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kumwonea wivu.

"Huyu alitoka kwao?"

"Ndiyo. Walivuka bahari."

"Akachimba shimo ugenini." Akapangusa picha kwa kanga. "Ego, ndiyo. Angefanyaje."

Unatakiwa kujua kitu kimoja kuhusu kwetu. Swali la "tulitoka wapi" lilikuwa na jibu moja: "Kachote maji." Nilijua kwa kunong'onezwa kwamba bibi alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na baba yangu mgongoni. Lakini mwaka ule barabara ilijaa wakimbizi wapya na watu walikuwa wanawasema vibaya dukani, na bibi alitaka tuwe Waha tu, wenyeji wa hapa, basi, tunyamaze. Watu wa Kumsenga ndio kabisa hawakutakiwa kujua. Shangazi aliniapisha mara ngapi!

Jumamosi wageni wakaja. Kibuyu kimoja kikatolewa, mrija mmoja. Mzee wao akavuta, akapitisha kwa jirani yake, akasubiri kingine. Hakuna kilichokuja. Akakohoa kile kikohozi cha watu wazima chenye maana.

"Mama, mavuno hayakuwa mazuri?"

Nilikuwa nimejikunja mlangoni nikiomba ardhi inizike na mimi na chumvi yangu. Shangazi aliinamisha kichwa. Na bibi, aliyekuwa na uongo wa kutosha akiutaka, mvua, nyani, wezi, akasema, "Ndizi zilikuwepo. Mjukuu wangu kazifunua, kaweka kabichi ndani." Watu wakacheka. Hakungoja waishe. "Nilimkasirikia. Kisha nikakumbuka ndizi zangu nyingine. Nilizifunika Jumatatu, za harusi ya mdogo wangu. Jumatano tukakimbia. Nilivuka mto na mtoto mgongoni, na zile ndizi ziko huko Burundi mpaka leo. Sijui nani alizifunua."

Shangazi alikuwa amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Yule mzee aliuweka mrija chini, akautazama.

"Sisi tuliacha maharage jikoni," akasema. "Yalikuwa yanachemka."

Mshenga akafuata: "Mama yangu aliacha ng'ombe hajakamuliwa. Mpaka anakufa alikuwa anasema, maziwa yatamuuma."

Kumbe! Na wao walikuwa wanachota maji miaka yote hiyo.

Basi wakasimuliana mpaka jua likazama, kibuyu kimekauka kitambo na hakuna aliyekiangalia. Posa ilikubaliwa katikati ya mazungumzo, karibu isisikike. Mwishoni bibi akaamuru kile chungu kiletwe. Yule mzee wa Kumsenga alionja kabichi yangu, machozi yakamtoka, akasema Wakorea ni watu wa kuheshimiwa.

Nilikwenda shule kujua habari za watu wa kwenye doa la unyevu, nikarudi na habari za watu wa jikoni kwetu. Mwalimu hakuwahi kutumalizia kile kitabu. Mchwa walikuwa wamekula kurasa za mwisho, kwa hiyo kila tulipomuuliza kama yule bibi alirudi kwao, alitunga jibu jipya. Bibi yangu alikuwa na lake: "Hakurudi. Kabichi iliiva, akala na wajukuu."

Mwalimu alihamishwa, katoni ikahamia ofisini, na mara ya mwisho niliona Korea dukani, kurasa zake zimefungiwa karanga. Shangazi yuko Kumsenga, ana watoto watatu, wa kwanza mtundu kuliko mimi, nafurahi. Bibi tulimzika masika yaliyopita. Siku hizi kwenye sherehe pombe inakuja kwa kreti, na hakuna anayekaa siku tano kusubiri kitu kiive.

Shimo nimelifukia, kama nilivyoagizwa. Ila kabla ya udongo niliwasha majani makavu kidogo, nikaweka kichane kimoja cha ndizi mbichi, nikavua ndala, nikainama. Baba mdogo anajenga juu yake wiki ijayo. Sijamwambia.