Sifuri ya Idara ya Kung'arisha

Shangazi yangu ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupewa ofisi yenye mlango. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba chembamba kati ya ghala na vyoo, na feni yake ilitoa kelele nyingi kuliko upepo, lakini mlangoni palikuwa na kibao: Afisa Usalama. Kiwanda kilikuwa cha sufuria. Upande mmoja palikuwa na tanuri la kuyeyushia alumini, kisha mashine za kukata na kukandamiza, kisha idara ya kung'arisha, na mwisho kabisa ghala, ambako sufuria zilipachikwa moja ndani ya nyingine na kufungwa tayari kwa safari.

Baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa idara ya kung'arisha. Aliingia kiwandani miaka mingi kabla yake, na ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kuomba kazi alipomaliza chuo. Kazi ya baba ilikuwa kuibana sufuria kwenye gurudumu la brashi ya waya, kisha kwenye gurudumu la kitambaa, mpaka ujione sura. Alirudi nyumbani kijivu kuanzia nyusi hadi kucha. Alikuwa akitutania kwamba anazeeka kila siku saa za kazi na kurudia ujana akioga, na mama asije akashtuka kuona mwanamume mgeni anatoka bafuni.

Shangazi hakuwa mtu wa kukalia kiti akingoja mshahara. Siku chache tu baada ya kuanza, mashine ya kukandamiza ilimkata vidole dada mmoja wa zamu ya asubuhi, na yeye ndiye aliyekaa naye kwenye gari hadi hospitali, akimshikilia kichwa. Tangu siku hiyo, alituambia, hakuweza kusikia mashine ile ikigonga bila kukunja mkono wake mwenyewe. Alipomuuliza meneja ajali zinapungua au zinaongezeka, na ni idara gani inayoumiza watu zaidi, meneja alikuna kidevu. Hakuna aliyekuwa anajua.

Ndipo akabuni ubao wa kutangaza ajali. Aliuweka kwenye mlango wa kantini, mahali ambapo hata mvivu hupita. Kila mwezi ajali za kila idara zilihesabiwa na kugawanywa kwa idadi ya watu wake, ili idara kubwa isionewe na ndogo isijifiche. Iliyofanya vizuri iliandikwa juu kwa kijani, iliyovurunda ikakaa chini kwa nyekundu. Baada ya kila miezi mitatu, wa kwanza walipewa kikombe, fulana, na chakula cha mchana pamoja na meneja. Wa mwisho, msimamizi wao aliitwa ofisini kujieleza.

Jumapili moja alikuja nyumbani kutueleza, macho yakimng'aa.

"Kwa hiyo tunashindana kutoumia," baba alisema.

"Ndiyo, kaka. Mtu akijua mwenzake anamtazama, anajirekebisha."

"Basi kikombe ni changu. Mimi kutofanya kitu nimezoea, muulize wifi yako."

Mama alicheka, shangazi akacheka, na mimi nikajazwa chai kupita kiasi kwa sababu hakuna aliyekuwa anaangalia kikombe changu.

Na kweli, mwanzoni ubao ulifanya kazi. Watu waliokuwa wakining'iniza glavu ukutani kama mapambo walianza kuzivaa. Mafuta yakimwagika sakafuni, mtu alikimbilia maranda ya kufutia badala ya kuyaruka. Ajali zilipungua mwezi kwa mwezi, na idara ya kung'arisha ikawa ya kwanza kufikisha sifuri. Meneja alianza kuwapitisha wageni pale mlangoni. Wafanyakazi wakampa shangazi jina, Mama Sifuri, na yeye akalipokea kwa moyo mkunjufu. Hata sisi nyumbani tulimwita hivyo tukitaka kumchekesha.

Tanuri peke yake lilibaki chini, kwa nyekundu, kila mwezi. Msimamizi wake alikuwa bwana mmoja wa sauti nzito ambaye wote walimwita Jogoo, kwa kuwa alifika kabla ya wenzake na mtaa mzima ukajua amefika. Kila cheche iliyotoboa suruali ya mtu wake, Jogoo aliipeleka ofisini. Siku ya kuitwa kujieleza alisimama mbele ya meneja na shangazi, akakataa kukaa.

"Mimi mtu wangu akiungua kidogo kama punje ya mchele, naleta taarifa," alisema. "Hao wengine wanaleta? Mnatupima na ghala, wao wanabeba maboksi, sisi tunabeba moto."

"Nimegawanya kwa idadi ya watu," shangazi alijibu. "Na hakuna aliyekukataza wewe kupata sifuri."

Jogoo akatoka. Baada ya hapo shangazi alipendekeza tanuri lipewe msimamizi mwingine, na Jogoo akahamishiwa ghala kubandika lebo. Msimamizi mpya hakuchelewa. Mwezi uliofuata tanuri nalo likawa na sifuri, na shangazi aliiandika kwa mkono wake, kwa kijani, akaenda zake kula.

Mwaka huo kiwanda kilinunua miwani mipya ya kazi, lakini haikutosha wote. Meneja aliuliza ianzie wapi. Shangazi aliuangalia ubao, akasema ipelekwe kwenye kukata na kukandamiza, ambako bado palikuwa na ajali. Kung'arisha hawaumii, wanaweza kusubiri. Ilionekana ni uamuzi wa haki, na aliyekuwa na hesabu zile mbele yake angeamua vivyo hivyo. Ila miwani ya kung'arisha ilikuwa imekwaruzika mpaka kuwa na ukungu, kama kioo cha bafuni maji yakichemka. Ili kuona sufuria imeng'aa au la, ilibidi mtu aipandishe miwani kwenye paji la uso.

Baba alikuwa ameipandisha hivyo mchana ule waya mdogo ulipochomoka kwenye brashi. Alihisi kama amefinywa. Wenzake walimwinamisha kwenye ndoo, wakamwosha, wakamfunua kope, wakasema hawaoni kitu. Alipotaka kwenda kwa nesi wa kiwanda, msimamizi wake alimvuta pembeni. Haya tuliyasikia baadaye kabisa, kutoka kwa mtu aliyekuwa amesimama karibu.

"Ukienda kwa nesi, inaandikwa," msimamizi alimwambia. "Ikiandikwa, kikombe kimekwenda, na watu wote hawa wamekukodolea macho. Tena wewe ni kaka wa nani? Watasema ndugu yake mwenyewe ndiye aliyetuangusha."

Baba akarudi kwenye gurudumu.

Nyumbani alisema ni sabuni. Mama alinunua dawa ya matone dukani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtilia. Alilala kwenye kochi, kichwa mapajani mwangu, akijifanya mtoto mchanga anayelilia nyonyo ili nicheke na mkono utulie. Jicho lilikuwa jekundu pembeni tu. Kisha wekundu ukaenea.

Jumapili shangazi alikuja kama kawaida.

"Kaka, jicho vipi?"

"Vumbi la barabarani."

Alimtazama. Nakumbuka alishusha kikombe, akainama mbele kidogo, kama mtu anayetaka kusoma maandishi madogo. Halafu akaegemea tena kiti na kuuliza habari za shule yangu.

Siku ya kutoa kikombe, kung'arisha walishinda tena, na wenzake wakamsukuma baba akapokee kwa kuwa ndiye mkongwe wao. Alipanda jukwaani na fulana mpya, akapeana mkono na dada yake mbele ya kiwanda kizima. Jicho lilimtiririka machozi hadi kidevuni. Watu walipiga makofi kwa nguvu zaidi, wakidhani ni furaha.

Wiki hiyohiyo alianza kutapika kwa maumivu. Mama hakumwuliza mtu, alimwita jirani mwenye gari wakampeleka hospitali. Daktari alikuta kipande cha waya ndani ya jicho, na uozo umeshaingia nyuma, mahali ambapo dawa haifiki. Alisema wangewahi siku za mwanzo, pengine. Sasa kilichobaki ni kuliondoa, ili lile lingine lisalimike.

Shangazi alifika akiwa bado na koti la kazi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, viatu vya baba mapajani. Hakusimama.

"Wifi," mama alisema, taratibu tu, "unahesabu walioumia kiwanda kizima. Huyu wa ndani ya nyumba yako ulishindwaje kumwona?"

Shangazi aliketi upande wa pili wa benchi, na wakakaa hivyo, mimi nikiwa katikati, mpaka mlango ulipofunguliwa.

Baada ya hapo alipita idara moja baada ya nyingine. Aliwaambia watu kwamba hakuna atakayeadhibiwa, anataka tu kujua. Mwanzoni walimwangalia kama askari aliyevaa nguo za kiraia. Kisha dada mmoja wa kukata akapandisha mkono wa shati na kumwonyesha mshono alioshonwa na daktari wa mtaani, akasema siku ile aliomba ruhusa ya msiba. Mmoja wa ghala alikuwa amebeba maboksi na kidole cha mguu kilichovunjika. Kwenye tanuri, tangu Jogoo aondolewe, walikuwa wakipakana dawa ya meno kwenye majeraha ya moto. Kila mmoja aliongea akiangalia chini, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Shangazi alirudi ofisini akafunga mlango, na aliyepita pale alisema feni ilikuwa imezimwa.

Ubao aliung'oa mwenyewe. Meneja hakufurahi.

"Wageni wameshauzoea," alisema. "Na namba zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri kwa sababu watu walikuwa wananyamaza," shangazi alimwambia. "Niliwafundisha mimi."

Hakuacha kupima, maana bila kupima angerudi kule kwa kukuna kidevu. Alichobadilisha ni kinachopimwa. Idara zililinganishwa kwa hatari zilizoripotiwa kabla hazijamdhuru mtu, na kwa wepesi wa kuzirekebisha. Idara iliyokaa kimya mwezi mzima ndiyo iliyotembelewa kwanza. Kikombe kilifutwa, na walioumia wa kila idara hawakutajwa tena mbele ya watu. Mambo yalikwenda polepole, kwa sababu watu waliokwisha kujifunza kuficha hawaachi kwa kuambiwa mara moja. Miwani mipya ya kung'arisha ilikuja, yote, kabla baba hajatoka hospitali.

Kisha akaenda kumtafuta Jogoo, ambaye alikuwa ameacha kazi ya lebo na kufungua kibanda cha kuchomelea milango ya chuma. Alimkuta amechuchumaa, kinyago usoni. Jogoo alimalizia alichokuwa akichomea, akavua kinyago, akamvutia kigoda.

"Nimekuja kukuomba radhi," shangazi alisema. "Ulisema kweli, mimi nikakutoa."

"Nimekusikia."

"Meneja amekubali urudi. Tanuri lako."

Jogoo alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilisimama pale ofisini nikakueleza, hukutaka. Vijana wangu wakasikia nimetolewa kwa uzembe, na mke wangu naye akasikia hivyo. Sasa nirudi kama nani?" Hakusema kwa hasira. "Radhi nimepokea. Kazi, hapana. Kunywa soda, halafu uniache nimalizie mlango wa watu."

Shangazi alikunywa ile soda hadi mwisho. Alisema ilikuwa vigumu kuliko kufukuzwa.

Baba alipona, kwa maana kidonda kilipona. Alipewa kazi ya kupanga mifuniko ghalani. Mwaka wa kwanza alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe, kwa kuwa jicho moja halijui kitu kiko mbali kiasi gani, na mama alitandika kitambaa mezani. Utani ulirudi, lakini si wote, na mbele ya shangazi ulikuwa haba zaidi. Siku moja, nikiwa naosha vyombo, niliwasikia barazani.

"Kwa nini hukuniambia, kaka?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningekupeleka hospitali saa ileile."

"Najua. Na kesho yake ungeenda kufuta ile sifuri, watu wakakucheka. Ulikuwa unaipenda sana, mdogo wangu. Niliona nivumilie kidogo."

"Mimi niliona jicho si la vumbi," shangazi alisema. "Jumapili ile. Niliona, ila nilitaka liwe vumbi."

Baba hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alimwambia giza linaingia, ni vizuri awahi.

Anakuja bado. Huchagua kiti cha upande wa jicho lililobaki, ili kaka yake asihangaike kugeuza shingo. Mama humkaribisha, humwekea chakula, humwita wifi kama zamani, lakini hakai naye tena jikoni wakipiga soga kama walivyokuwa. Juzi baba alimwuliza idara yake ya zamani inaendeleaje.

"Wako katikati," shangazi alisema. "Wiki iliyopita kijana mmoja alichubuliwa kidogo na brashi, akaja mwenyewe kwa nesi. Hakusindikizwa na mtu."

"Vizuri," baba alisema, akapapasa meza mpaka akaufikia mkate.