Mkataba wa Bia

Juzi nilikuwa kwenye depo ya kahawa hapa Muyinga, mkaguzi wa kazi kutoka Gitega akaingia kuuliza mikataba ya wapakizi.

“Mi na wao tulikunywa bia pamoja,” patron, mwenye depo, akajibu. “Hiyo ndiyo mkataba.”

“Sheria haijui bia, patron.”

Hapo kontabule wake, mhasibu wa depo, mama ambaye patron amezoea kumwita ‘mashine ya kuhesabu’, akaweka faili mezani. Kila mpakizi alikuwa na mkataba wake.

“Nani alisaini?” patron akauliza.

“Ni we, patron. Nilikuambia soma, ukasema leta kalamu.”

Mkaguzi akasoma yote, akampa mama mkono. Wapakizi wakapiga vigelegele mlangoni. Patron akamsogezea mama kiti chake mwenyewe.

Wenye makontabule, bia ijayo anzieni kwao.